Barabara Iliyonyooka ya Koplo Wekesa

Barua mbaya kuliko zote nilizoandika katika utumishi wangu ilikuwa nzuri mno. Haikuwa na kosa la tahajia hata moja. Aya zake tatu zilipangika kama ngazi, kila hoja ikisimama juu ya iliyotangulia, na mkubwa wangu alipoisoma aliagiza nakala yake iwekwe katika faili ya mifano, ili makarani wapya wajifunze namna ya kumjibu mwananchi. Ninyi mnaoingia leo katika kazi ya kuchora na kutunza ramani mmeniuliza nianzie wapi. Nitaanzia hapo, kwa sababu barua ile ilimwacha marehemu mmoja aendelee kuitwa mtoro kwa miaka mingine mingi.

Lakini kwanza nimtaje aliyenifundisha, msije mkamlaumu yeye.

Niliingia ofisi ya ramani Nakuru nikiwa binti aliyetoka shule, mtoto wa landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi; baba yangu alikuwa mtia makaa katika garimoshi. Aliyenipokea mezani alikuwa Mzee Gurdial, Kalasinga aliyezaliwa papa hapa Nakuru, mwana wa seremala wa reli. Alifunga ndevu zake kwa wavu mwembamba zisiguse wino mbichi, naye alikuna makosa kwa wembe kwa upole wa mtu anayemnyoa mtoto mchanga.

Siku hizo ramani za kudumu zilinakiliwa kwa wino juu ya kitambaa cha pamba kilichopakwa wanga hadi kikang'aa kama kioo. Sisi wanawake wa ofisi tulijua siri yake: ukikiloweka na kukisugua kwa sabuni, wanga hutoka, na kinachobaki ni pamba laini ambayo hata duka kubwa la mjini halikuwa nayo. Vipande vilivyoharibika tulivigeuza leso. Nami, katika mwezi wangu wa pili, niliona kipande kimekunjwa chini ya meza, nikakihesabu kuwa taka, nikaenda nacho nyumbani.

"Wewe binti," Mzee Gurdial akaniuliza siku ya tatu yake, "ile nguo ya ramani ilikuwa hapa chini ya meza, imeenda wapi?"

"Gani, Mzee?" nikajibu, huku nikijipangusa jasho kwa leso yangu mpya.

Akaitazama leso. Akanyoosha mkono, akaichukua, akaiinua dirishani penye mwanga. Wino huacha kivuli chake hata baada ya sabuni.

"Bahati," akasema taratibu. "Hii ni Bahati. Mtu amefuta pua yake na mpaka wa Bahati."

Ofisi nzima ikaangua kicheko, na kwa mwaka mzima jina langu likawa Madam Mpaka. Adhabu yangu ilikuwa kuichora upya ramani ile ya Bahati, eneo la mashamba nje ya mji, mstari kwa mstari, kutoka kwenye madaftari ya wapimaji waliotembea mashamba yale kwa mnyororo wa kupimia. Nilipoleta kazi iliyokamilika, Mzee aliikagua kwa kioo cha kukuzia, akaguna, kisha akaniambia maneno ambayo ningepaswa kuyaandika ukutani.

"Karatasi ikikuja kwa meza yako, usiulize kwanza inasema nini. Uliza huyu mtu alikuwa anafanya kazi gani kabla ashike penseli. Mpishi akichora kambi, ataonyesha maji na kuni. Dereva ataonyesha pahali gari hukwama. Wewe usipojua kazi yake, utasema ni mwongo."

Nilikubali kwa kichwa. Kukubali kwa kichwa ni rahisi sana.

Sasa nije kwa Mama Taprandich. Alifika kaunta yetu kutoka Keringet miaka mingi baadaye, Mzee Gurdial akiwa ameshastaafu na mimi nikiwa na meza yenye ufunguo. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, amevaa sweta la kijani, na mkononi alishika mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kamba. Ndani ya mkebe mlikuwa na daftari dogo la penseli.

Kaka yake, Kimutai arap Rono, alikwenda vitani Burma, ambayo askari waliorudi waliiita Bama. Hakurejea. Kilichorejea ni taarifa kwamba alikosekana kwenye mwito wa majina na kwamba alihesabiwa mtoro. Vita vilipokwisha, rafiki yake, Koplo Wekesa, alipanda hadi Keringet na daftari hili, akamwambia baba yao kwamba Kimutai hakutoroka. Alikufa kwa homa njiani, na yeye Wekesa ndiye aliyemzika; wakubwa aliowaambia hawakuandika. Mzee Rono alikuwa ameshaaibishwa vya kutosha barazani. Alidhani anatulizwa kwa hadithi. Alilipokea daftari, akalitia katika mkebe, na hakulizungumzia tena hadi alipofariki.

"Madam," Mama Taprandich akasema, "mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Sura yake siijui. Nataka tu serikali iangalie hii ramani, iseme kama ni kweli."

"Huyu Wekesa alikuwa nani kabla ya vita?" nikamuuliza. Mnaona? Swali nililiuliza.

"Mtu wa genge. Genge ya reli, wale wa kutengeneza njia, hapa hapa Nakuru."

Nikaliandika jibu hilo kwa mwandiko safi pembeni mwa faili, na sikulitazama tena.

Daftari lilikuwa na michoro mizuri: daraja la magogo matatu, nyumbu wa mizigo aliyegoma kuvuka maji, sufuria za kambi zimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa familia moja. Ramani yenyewe ilijaza kurasa mbili. Mstari mmoja ulionyooka uligawa kila ukurasa katikati. Kushoto na kulia mwake kulikuwa na vijito, lile daraja, miti, mawe, na kati ya alama moja na nyingine, tarakimu. Chini kabisa ya ukurasa wa kwanza palikuwa na jina la kambi. Katika ukurasa wa pili, kando ya mstari, palikuwa na msalaba na mawe matatu, na pembeni mchoro wa kijana amelala chali, viatu vyake vimewekwa chini ya kichwa kama mto. Maneno yake yalikuwa mawili: "Rono analala."

Nilitafuta ramani iliyochapishwa ya bonde la Burma ilimokuwa kambi hiyo. Barabara ya bonde ilijipinda kama utumbo. Barabara ya Wekesa ilinyooka kama rula. Niliisoma kutoka juu kwenda chini, kama kila mtu asomavyo, nikaelekeza juu yake kaskazini, nikazichukua tarakimu kuwa hatua za askari wa gwaride, nikapima. Msalaba ukaangukia katikati ya mto. Nikaandika barua yangu. Nainukuu, kwa kuwa naijua kwa moyo: "Mchoro huu hauna kaskazini wala kipimo, na barabara yake imenyooka mahali ambapo ardhi hairuhusu. Kwa sababu hizo hauwezi kuitwa ramani, wala kutegemewa kama ushahidi."

Mama Taprandich aliisoma papo hapo kaunta, akaikunja mara nne.

"Haya," akasema. "Umeandika vizuri." Akaondoka na mkebe wake.

Miaka ikapita. Wembe ukaachwa, wino ukaachwa, meza zenye mwinuko zikauzwa, kompyuta zikaja. Mimi nilistaafu nikajenga Bahati, kwenye mpaka nilioufua na kuuchora mwenyewe, nikiujua vizuri kuliko jirani zangu. Ndipo asubuhi moja gari likasimama langoni, akashuka bibi mrefu anayetembelea fimbo, na mkebe wa biskuti ukashuka naye.

"Gogo," nikamwamkia, yaani bibi kwa lugha ya kwao, maana sasa sote tulikuwa na wajukuu.

"Madam. Bado unapumua?"

"Bado, Gogo. Karibu chai."

Alikunywa chai yake yote. Kisha akanieleza: ofisi ya ng'ambo inayotunza makaburi ya askari ilikuwa ikikusanya majina ya Waafrika ambao hawakuwahi kuandikwa popote, yachongwe ukutani. Orodha ilikuwa karibu kufungwa. Mtoro hawezi kuingia. Kila familia yake ilipopeleka daftari, waliulizwa kama limechunguzwa na mtaalamu, na kila walipotafuta, karatasi pekee ya mtaalamu iliyokuwepo ilikuwa ile yangu.

"Nimekuja uangalie tena," akasema. "Wakati ule macho yako yalikuwa mapya sana. Sasa yamezeeka, labda yataona."

Niliyastahili. Nikalipokea daftari kwa mikono miwili.

Hapa niwape ya kazi, kwa sababu nimeona wengi wenu mkiramba kidole kabla ya kufungua ukurasa. Msifanye hivyo. Msinyooshe karatasi kavu kwa nguvu; iwekeni kwanza mahali penye unyevu kidogo, ilegee yenyewe. Gundi ya utepe msiiguse kabisa. Na kabla ya yote, nakilini kila kitu, hata doa. Niliyafanya hayo yote kwa uangalifu mkubwa, na kwa majuma mawili sikuona chochote kipya. Msalaba uliendelea kukaa mtoni.

Siku moja nilishuka mjini, nikawa nakata njia karibu na stesheni. Nyapara wa genge, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akiikagua reli. Alikuwa akitembea, anainama, anasimama, anaandika katika kijitabu.

"Mathe, toka kwa reli," akaniambia.

"Natoka, boss. Unaandika nini?"

"Wewe ni wa ofisi?"

"Nilikuwa. Nimestaafu."

"Basi hauwezi nishtaki. Ona." Akanigeuzia kijitabu.

Ukurasa wake uligawanywa katikati na mstari mmoja ulionyooka. Kushoto na kulia palikuwa na alama ndogo, na kati ya alama, tarakimu. Nikainua macho. Reli tuliyosimama kando yake ilijipinda mbele yetu kama mundu.

"Mbona reli yako imenyooka? Hapa pana kona kubwa."

"Kona ni ya nini, mathe?" Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa viatu viwili. "Mimi niko juu ya reli. Reli haiwezi nipoteza. Kitu nataka kujua ni bolti imelegea iko wapi, na iko mkono gani."

"Na mbona umeanzia chini ya ukurasa?"

"Si naenda mbele? Mbele iko juu. Nikishika kitabu hivi, kushoto ya kitabu ni kushoto yangu."

"Na hizi tarakimu?"

"Mataruma." Akakanyaga taruma moja kati ya yale yanayolazwa kukingama chini ya reli, kisha la pili, kisha la tatu, kwa mwendo mfupi ulio sawasawa kama saa ya ukutani. "Sisi tunatembea taruma kwa taruma. Ukizoea haitoki. Hata nikienda kanisa natembea hivi. Bibi yangu hunicheka."

Nikakanyaga taruma la kwanza, la pili, la tatu, nyuma yake, hadi akaniuliza, "Mathe, uko sawa?"

"Boss, nimekuwa mjinga kwa miaka mingi."

"Hiyo ni kawaida," akasema, akaendelea na bolti zake.

Niwaambie aibu yangu ilipokuwa hasa, maana hapo ndipo penye somo. Madaftari ya wapimaji, yale niliyochorea ramani ya Bahati wakati wa adhabu yangu, nayo huandikwa hivyo hivyo: mstari wima katikati, unaanzia chini, unapanda, kushoto ni kushoto. Nilikuwa nimeyasoma mamia. Mtindo wa Wekesa sikuushindwa kwa kutoujua. Nilishindwa kuuona kwa sababu daftari la mpimaji lina jina la mtu mwenye cheti, na hili lilikuwa la mtu wa genge. Macho yangu yalikuwa na cheo, nayo hayakukubali kushuka.

Nilianza kazi upya siku iyo hiyo. Kwa ruhusa ya nyapara nilipima kwa utepe mataruma mia moja ya njia ya kando isiyotumika, ambako yalikuwa bado yale ya chuma ya zamani. Nikapata urefu wa hatua ya Wekesa: ilikuwa fupi kuliko hatua ya gwaride. Kisha nikachapisha picha za setilaiti za bonde lile. Barabara ya vita imebaki kijia, lakini kwa mtu mwenye subira inaonekana. Nikafanya kama alivyonifunza Mzee Gurdial kupima mito: nikalowesha uzi, nikaulaza juu ya kila mpindo wa njia, nikianzia kambini, kona kwa kona, bila haraka. Ulipokauka nikaushika ncha mbili, nikauvuta.

Uzi ulionyooka ulikuwa ramani ya Wekesa.

Nikautia alama kwa hatua zake, nikaurudisha juu ya picha. Kijito cha kwanza kiliangukia kijito. Cha pili kiliangukia kijito. Daraja la magogo matatu lilifika mahali ambapo hata leo pana kivuko. Kijito cha tano hakikuwepo, nikarudia kupima, hadi nilipoona mfereji mkavu umekatiza mashamba mahali pale pale. Kufikia msalaba nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu, mimi mwenye magoti haya. Haukuwa mtoni. Ulikuwa kando ya njia, kushoto, kwenye ukingo mkavu ulioinuka kidogo, mahali ambapo mtu mwenye akili angechagua kumzika rafiki.

Lakini msomi hafurahii hesabu inayomfurahisha yeye peke yake. Niliiandikia ile ofisi ya ng'ambo, nikawaomba jambo moja: wasinipe chochote kilichomo katika kumbukumbu zao za bonde lile. Nitawatumia nukta moja tu, mahali pa kaburi, na wao walinganishe. Kama hakuna kitu hapo, waiache barua yangu ya zamani isimame, na jina lisichongwe. Nilimpigia Gogo simu kumweleza masharti hayo, kwa kuwa jina lilikuwa la kwake si langu.

"Ukikosea tena?" akauliza.

"Nikikosea, Gogo, tumeshindwa kabisa."

Nikasikia ng'ombe upande wa pili, na Gogo akimfokea mtu afunge lango. Kisha akarudi kwenye simu.

"Peleka."

Jibu lilikuja baada ya majuma matano. Nililisoma nimesimama, nikalisoma tena nimeketi. Baada ya vita, kundi la kukusanya makaburi lilipita bonde lile na kumhamisha askari mmoja Mwafrika asiyejulikana jina. Mahali walipomkuta na mahali pa nukta yangu palitofautiana kwa umbali usiofikia urefu wa uwanja wa mpira. Alikuwa kushoto mwa njia, wakaandika, chini ya mawe matatu. Na mwandishi wa kundi lile, mtu makini ambaye ningependa kumshika mkono, aliongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: kwamba marehemu alizikwa na viatu vyake, navyo havikuwa miguuni, viliwekwa chini ya kichwa.

Sikuwa nimewaandikia neno lolote juu ya mchoro ule wa kijana aliyelala. Katika vita ambako viatu vilikuwa adimu kuliko chakula, Wekesa alimlaza rafiki yake kama alivyozoea kulala, kisha akamchora, asije mtu akasema hakumjua.

Jina la Kimutai arap Rono likaondolewa katika orodha ya watoro. Kaburi lake lililokuwa bila jina likapata jina, na ukuta ukapata herufi zake.

Tulikwenda Keringet siku ya kusomwa barua hiyo. Watu walijaa uani, wamevaa masweta mazito, maana Keringet ni baridi, na chai ilitoka katika sufuria ambazo Wekesa angezichora. Mpwa wa Gogo akaisoma kwa sauti hadi mwisho. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikaomba radhi mbele ya wote, nikatoa mfukoni nakala ya barua yangu ya zamani, ile nzuri, nikasema nitaichana hapo hapo.

"Wacha!" Gogo akapaza sauti. "Nani amekwambia uchane?"

"Gogo, ni uongo."

"Si iliandikwa? Basi iwekwe. Iwekwe pamoja na daftari, watoto waone mtu amesoma mpaka mwisho na bado akakosea." Uani pakalipuka kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote. Hivyo ndivyo mtakavyozikuta: nakala ya daftari, barua yangu ya kwanza na ya pili, katika jalada moja. Msizitenganishe. Daftari lenyewe liko Keringet, ndani ya mkebe wake.

Kisha Gogo akaniita karibu, akalifungua daftari magotini pake.

"Nionyeshe inavyosomwa."

Nikakishika kidole chake, nikakiweka chini kabisa, penye jina la kambi. "Unaanzia hapa, Gogo. Unapanda."

Akapanda mwenyewe, polepole, akisimama penye kila kijito kana kwamba anatafuta mahali pa kuvukia. Akapita daraja. Akageuza ukurasa, akapanda tena, hadi kidole kikafika usawa wa mawe matatu.

"Mkono gani?"

"Kushoto."

Akakihamisha kidole kushoto, kikatulia juu ya kijana aliyelala. Akaitazama sura ile kwa muda. Halafu akainua kichwa kuelekea watu wote waliokuwa uani, na sauti yake ikafika mpaka langoni.

"Hakukimbia. Yeye alibaki. Ni wale wengine walioendelea na safari."

Vigelegele vilivyofuata sijawahi kuvisikia katika ofisi yoyote ya serikali.